Mvua ya Machi iliyonidanganya Isinya: nipande lini katika nyanda za Kajiado?

Swali: Nilihamia Isinya, Kaunti ya Kajiado, miaka mitatu iliyopita nikitokea Kisii, nikanunua eka tano. Mwaka huu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo katikati ya Machi, na siku ya nne nikapanda mahindi kama tulivyozoea nyumbani. Baada ya hapo jua liliwaka karibu wiki tatu, mahindi yakakauka yakiwa hayajazidi urefu wa kiganja. Redio ilikuwa imesema mvua ingekuwa ya wastani. Nikisimama shambani naona vilima vya Ngong vimefunikwa na mvua, huku kwangu ni vumbi tu. Jirani yangu Mmaasai hufuga, hapandi chochote, na nadhani ananicheka. Je, hali ya hewa imeharibika, au ni mahali hapa? Na nipande lini?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa mbegu na kwa jasho. Hali ya hewa imebadilika kiasi, na nitalifikia jambo hilo, lakini mabadiliko hayo siyo yaliyoua mahindi yako. Ulipanda Isinya kwa kalenda ya Kisii. Kisii hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ikikatika wiki moja au mbili, udongo huwa na akiba ya kutosha kuubeba mmea hadi mawingu yarudi. Kaunti ya Kajiado huanzia takriban milimita 300 katika bonde la Amboseli hadi kama 1,250 kwenye vilima vya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro, na nyanda za wazi unakoishi wewe ziko upande wa chini wa mizani hiyo. Katika sehemu kama hiyo, jumla ya mvua ya mwaka haimsaidii sana mkulima. Linalomsaidia ni kujua mvua imekuja kwa siku ngapi, imepishana na jua kwa muda gani, na udongo umehifadhi kiasi gani.

Nianze na neno "wastani", kwa sababu ndilo lililokupotosha zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, vuli tisa zimeleta milimita 150 kila moja, na vuli ya kumi ikaja kwa mafuriko, ikamwaga milimita 600. Wastani wa vuli hizo kumi ni milimita 195, ilhali vuli tisa kati ya kumi hazikuufikia. Mvua ya nyanda kavu huenda hivyo. Miaka michache kama 1961, 1997 na 2019 hunyanyua wastani wa vuli, na miaka mingi iliyobaki hukaa chini yake. Kwa hiyo mtu anayepanga shamba lake kwa kutegemea wastani anapanga kwa kutegemea mvua ambayo, katika miaka mingi, haitamfikia.

Misimu yenyewe unaijua kwa majina. Jua hupita juu ya ikweta kuelekea kaskazini mwezi Machi na kurudi kusini mwezi Septemba, na ukanda ambapo pepo za kaskazi na za kusi hukutana hulifuata kwa kuchelewa kidogo. Ukanda huo unapopita juu yetu hewa hupaa, mawingu hujengeka, na tunapata masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati ya misimu hiyo miwili kuna kiangazi cha Januari na Februari, wakati kaskazi inapovuma ikiwa kavu kutoka upande wa Somalia na Uarabuni, na kuna miezi ya baridi kuanzia Juni hadi Agosti.

Watu wengi hushangaa kwamba sisi tulio karibu kabisa na ikweta tunakauka, wakati nchi nyingine zilizo kwenye mstari uleule, kama vile Kongo na Indonesia, hulowa karibu mwaka mzima. Sababu moja kubwa ni upepo. Kuanzia Juni, kusi huingia kutoka baharini, lakini badala ya kupanda bara na kunyesha huku, sehemu yake kubwa hupinda ikafuata pwani ya Afrika Mashariki kwa kasi na kuvuka kuelekea Uarabuni na India. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliueleza mkondo huo katika miaka ya 1960, na hadi leo wataalamu huuita kwa jina lake. Unyevu wa kulisha mashamba ya Wahindi hutupita mlangoni. Kinachobaki kwetu katika miezi hiyo ni wingu jembamba la chini, lile la kijivu ambalo mwezi Julai hukufanya uvae koti hadi saa tano asubuhi. Wingu hilo limezibwa kwa juu na hewa kavu iliyo na joto zaidi, hivyo haliwezi kukua. Pale Ngong linaweza kudondosha manyunyu. Kwako Isinya hutoweka mchana bila kuacha hata tone, na usilihesabu kamwe kuwa dalili ya mvua.

Hapa niseme jambo ambalo wageni wa Kajiado hulikosa. Kaunti hii haina kalenda moja. Upande wa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, vuli ndiyo mvua kubwa, na karibu nusu ya mvua ya mwaka huko hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Ngong, Kajiado mjini na Magadi ni kinyume chake: karibu nusu huja wakati wa masika na vuli huleta pungufu. Isinya iko upande huu wa pili. Kwa hiyo ukipewa ushauri wa kupanda na mkulima wa Loitokitok, msikilize kwa heshima, halafu kumbuka kwamba anazungumzia mlima wake.

Kuhusu Ngong unayoiona ikilowa: kilele chake kina takriban mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, na hewa yenye unyevu inayotoka mashariki ikikigonga hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, ikipoa mvuke hugeuka matone. Hewa hiyohiyo hupita juu yako kwanza, ila uwanda wako ni tambarare na hakuna cha kuinyanyua, basi hupita na mvua yake. Wengine hudhani Isinya imekaa katika kivuli cha mvua cha Ngong, na hilo si kweli, kwa kuwa kivuli huangukia upande wa pili, wa magharibi. Hewa iliyokwisha kumwaga maji yake kileleni hushuka kuelekea Ziwa Magadi lililo kwenye mita 600 hivi, na kila mita 100 inazoshuka huongezeka joto kwa karibu nyuzi moja. Mteremko wa mita 1,800 ni kama nyuzi 18 zaidi. Ndiyo sababu mtu anaweza kuondoka Ngong amejifunika shuka na kufika Magadi akitafuta kivuli cha mgunga. Amboseli nayo ina kisa kinachofanana, kwa kuwa Kilimanjaro yenye mita 5,895 huizuia mvua ya kusi, ingawa mlima huohuo huirudishia maji kwa njia ya chini ya ardhi, na mabwawa ya tembo pale hayakauki hata uwanda unaoyazunguka ukiwa unapeperusha vumbi.

Ukiacha milima, mvua ya uwanda hunyesha kwa vipande. Wingu moja la radi la alasiri huweza kuwa na upana wa kilomita tano au kumi tu. Nimewahi kusimama kwenye barabara ya Namanga, gari likiwa limelowa boneti na kavu nyuma, ng'ombe upande mmoja wamejikunyata na upande wa pili kisulisuli kinazungusha vumbi kana kwamba hakuna habari. Ndani ya msimu mzima, mvua mbili au tatu za namna hiyo huweza kubeba sehemu kubwa ya maji yote utakayopata, na zikikukosa zote, basi msimu wako ni mbaya hata kama wa jirani yako wa kilomita nane ni mzuri. Hilo haliwezi kutabiriwa miezi kabla, na mtu anayekuambia analiweza, mwogope.

Sasa tuyarudie mahindi yako. Hukusema ulipima mvua, lakini siku tatu za mvua ya Machi katika nyanda hizo mara nyingi huleta milimita 30 au 40. Zinaonekana nyingi kwa sababu udongo wenu mweusi wa mfinyanzi unanata mpaka kiatu hubaki nyuma. Tatizo ni kwamba udongo huo, ukiwa mkavu, huwa na nyufa za kuingia mkono mzima, na maji ya kwanza huishia humo. Yanayobaki hushikwa na mfinyanzi kwa nguvu kiasi kwamba mizizi michanga haiwezi kuyanyonya yote. Kuna wakati udongo unahisi unyevu mkononi na mmea unakufa kwa kiu palepale. Juu yake, jua la mwisho wa Machi na upepo hukausha karibu milimita tano kwa siku. Piga hesabu: akiba ya milimita 30, ukiondoa zilizopotea kwenye nyufa, inaisha ndani ya wiki moja. Wewe ulingoja karibu tatu.

Sisi tunaofanya kazi hii ya hali ya hewa huwa hatuihesabu mvua ya kwanza kuwa mwanzo wa msimu mpaka itimize masharti mawili: inyeshe angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na katika siku 20 hadi 30 zinazofuata pasiwe na jua la kuzidi wiki moja au siku kumi. Sharti la kwanza unaweza kulipima mwenyewe. La pili ni la siku zijazo, na hapo ndipo mvua ya kudanganya inapowanasa watu. Mimi mwenyewe, na cheti changu ukutani, nimewahi kupanda maharagwe kwa mvua kama yako nikayafukia tena mwezi uliofuata.

Kwa hiyo usiitazame tarehe, chimba. Baada ya mvua, ngoja siku moja, chukua panga, chimba sehemu tatu tofauti za shamba. Ikiwa unyevu haujafika kina cha shubiri moja, usipande mahindi hata kama majirani wote wako shambani. Ukiwa umepita shubiri na nusu, mmea una akiba ya kuvumilia jua la siku kumi hivi. Katika nyanda zako, kwa miaka mingi, hali hiyo hupatikana kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Isipopatikana kufikia karibu tarehe 20 Aprili, sahau mahindi ya masika, kwa sababu mvua hukatika katikati ya Mei au mapema zaidi na mmea utakuwa unatoa mbelewele wakati wa ukavu, yaani wakati mbaya kuliko wote. Panda ndengu au kunde, ambazo hukomaa upesi, au acha majani ya mifugo yaote.

Hili la kutegemea masika lina mtego mwingine. Kwako masika huleta maji mengi kuliko vuli, lakini vuli hutabirika vizuri zaidi. Vuli hutawaliwa na bahari, na bahari hubadilika polepole. Mwezi Septemba, ikiwa maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yana joto kuliko ya upande wa Sumatra, hewa yenye unyevu huelekea kwetu na vuli huwa nono, hasa El Nino, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ikiwepo pia. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na 2019 tofauti hiyo ya joto ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kupimwa. Mambo yakigeuka na La Nina, yaani maji hayo ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ikatawala, kama ilivyotokea 2010 na tena kuanzia 2020, vuli hukauka. Uhusiano huu kati ya pande mbili za bahari ulielezwa waziwazi na wanasayansi mwaka 1999, na tangu hapo utabiri wa vuli umekuwa ndio unaoaminika zaidi katika ukanda wetu. Masika hayana bwana mmoja. Huendeshwa na mawimbi ya mawingu yanayozunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, na hata na vimbunga vya mbali. Machi 2019 kimbunga Idai kilipopiga Msumbiji kilivuta unyevu upande wake, na mvua ya kwetu ikachelewa.

Hivyo redio haikukudanganya. Utabiri wa msimu hutolewa kwa uwezekano. Wataalamu hugawa miaka iliyopita mafungu matatu sawa: miaka ya mvua haba, ya kadiri na ya mvua nyingi. Bila kujua lolote, kila fungu lina nafasi ya takriban 33 kati ya 100. Wanaposema fungu la kadiri lina nafasi 45, maana yake nafasi 55 ziko kwingine, na hata likitimia, jumla ya miezi mitatu inaweza kuwa ya kadiri ilhali katikati yake pana wiki tatu za jua. Taarifa ikisomwa hewani kwa sekunde ishirini, hayo yote hubaki kuwa "mvua ya wastani". Omba utabiri wa kaunti kutoka kwa afisa wa Idara ya Hali ya Hewa aliyeko Kajiado, na zaidi ya hapo fuata utabiri wa siku saba, ambao ndio ungekuonya kuhusu jua lile. Kituo cha ICPAC, kinachotoa utabiri wa msimu kwa nchi zote za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, kipo Ngong, ndani ya kaunti yako, chini ya vilima vilevile unavyovionea wivu.

Umeuliza kama hali ya hewa imeharibika. Joto la Kenya limepanda kwa takriban nyuzi moja tangu miaka ya 1960, na joto hilo hukausha udongo haraka zaidi hata mvua ikiwa ileile. Watafiti waliochunguza ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ilishindwa mfululizo hadi mwisho wa 2022, waliona kwamba ongezeko la joto liliuzidisha sana kwa njia hiyo ya kukausha. Kwa upande wa kiasi cha mvua picha haieleweki kirahisi. Masika yalipungua kuanzia miaka ya 1980, ilhali makadirio ya kompyuta ya hali ya hewa ijayo yanasema yataongezeka karne hii, na masika ya 2018, 2020 na 2024 yalikuwa ya mafuriko. Mwaka 2024 Kitengela, hapo jirani nawe, watu waliokolewa kwa mashua. Ninaloweza kukushauri bila wasiwasi ni kujiandaa kwa yote mawili, ukavu mrefu na maji mengi ya ghafla, kwenye shamba lilelile.

Jirani yako sidhani anakucheka. Yeye anaijua mvua ya vipande, na jibu la wafugaji kwa mvua ya vipande tangu zamani limekuwa kuifuata ilikonyesha, jambo ambalo mahindi hayawezi. Hata hivyo naye huumia. Ukame wa 2009 uliwamaliza ng'ombe wengi mno katika nyanda za Amboseli, pamoja na nyumbu na pundamilia. Muulize kuhusu nyota. Wamaasai hufuata Kilimia, na jina lao la nyota hizo, nkokua, hutumika pia kwa mvua za masika. Wapwani nao husema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Sehemu ya pili inalingana kabisa na uwanda wako: Kilimia hupotea magharibi baada ya machweo mwezi Mei, masika yakielekea kwisha, na huonekana tena alfajiri mwezi Juni, wakati wa ukavu. Ukikiona kinachomoza mashariki jua linapotua, ni Novemba, uko katikati ya vuli. Ni kalenda nzuri kuliko ya karatasi, ingawa haikuambii mvua itakuwa kiasi gani.

Kuhusu mbegu, mahindi ya kawaida huhitaji milimita 500 hadi 800 kwa msimu, na msimu wako hauzifikii ila kwa nadra. Ukiyataka, chukua aina za muda mfupi kama Katumani, iliyozalishwa kwa ajili ya maeneo makavu ya Machakos na jirani zake, na usiyape zaidi ya eka moja. Eka mbili ziwe za ndengu, kunde na mtama, na mbili zilizobaki zibaki nyasi za kukata na kuuza, kwani wakati wa kiangazi marobota ya nyasi Kajiado hayakosi mnunuzi. Kinga pia maji ya paa: kila milimita inayonyesha huacha lita moja juu ya mita moja ya mraba, hivyo paa la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 500, ni lita 30,000, na hata robo ikipotea unabaki na zaidi ya lita 22,000.

Mwisho, tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, lifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na mti na nyumba, na kila siku saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula ya milimita, uandike, umwage. Saa hiyo ndiyo tunayosomea vipimo katika vituo vyote vya nchi. Anza kabla ya Oktoba, na mvua ya vuli ikishanyesha, niandikie namba zako pamoja na kina ulichokikuta kwa panga, nami nitakwambia kama ni ya kupandia.